Biskuti Iliyobadili Jina

Nyumba ya bibi yangu hapa Sapiwi haijahama hata hatua moja. Imebadilishwa paa, kutoka nyasi kuwa bati, na ukuta wa upande unaopigwa na mvua umejengwa upya, basi. Lakini ukifungua sanduku lake la mbao ukazisoma bahasha za barua alizohifadhi, utadhani bibi huyu alikuwa mtu wa kuhamahama. Bahasha kongwe zinasema Maswa. Zinazofuata zinasema Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Za karibuni, tangu mkoa mpya ulipozaliwa mwaka 2012, zinasema Bariadi, Simiyu. Nilipomwuliza alionaje kuhamishwa mikoa bila kufunga mzigo, alinijibu kwa mkato:

"Wamehama wao. Mimi nipo."

Nimeanza na bahasha kwa sababu nataka kuzungumza juu ya biskuti. Ndugu msomaji, usicheke kwanza.

Biskuti yenyewe ni ya Uskochi. Ni mbili katika moja: vipande viwili vya mviringo, laini, vyenye kumong'onyoka mdomoni, vimebanwa pamoja kwa jemu nyekundu. Juu hupakwa sukari nyeupe iliyosagwa na kukorogwa kwa maji kidogo, na katikati ya weupe huo huwekwa cheri moja kama kifungo cha koti. Huko Glasgow huipati dukani tu. Akina mama huioka nyumbani, na kila mmoja husema ya kwake ndiyo yenyewe. Jina lake ni Empire biscuit, yaani biskuti ya Dola. Si dola ile ya kubadilisha fedha benki. Ni dola ya kutawala watu.

Nilipoyanakili maelezo ya mapishi yake kwenye daftari, jina hilo lilinikaa vibaya. Nikajiuliza, hivi unga na jemu vina uhusiano gani na kutawala watu? Nikaanza kufuatilia, na huko ndiko nilikokutana na mambo ambayo sikuyatarajia.

Kumbe hilo silo jina iliyozaliwa nalo. Asili yake inarudi kwenye mji wa Linz, nchini Austria, ambako tangu karne ya 17 watu waliandika namna ya kuoka keki yenye unga wa lozi na jemu. Vibiskuti vya mtindo huo vilisafiri hadi Uingereza na Uskochi. Njiani lozi ziliachwa, jemu ikabaki. Waskochi walivila miaka mingi wakiviita kwa jina la Linz, au wakiviita biskuti za Kijerumani. Hakuna aliyeumwa tumbo kwa sababu ya jina.

Kisha ukaja mwezi wa Agosti 1914, na vita.

Leo tukisikia watu walibadili jina la biskuti kwa sababu ya vita tunaona ni mchezo. Haukuwa mchezo. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na waoka mikate na wauza nyama wengi wa asili ya Kijerumani. Mei 1915, baada ya manowari ya Kijerumani kuizamisha meli ya abiria Lusitania, makundi ya watu yaliingia mitaani Liverpool, London na kwingineko, yakavunja madirisha ya maduka hayo na kutupa bidhaa nje. Yaani mtu aliyekuokea mkate jana, leo unamvunjia mlango. Katika hali hiyo, mwenye duka gani angeweka dirishani sinia lenye kibao cha "biskuti za Kijerumani"? Hata jamaa ya mfalme ilitishika. Mwaka 1917 Mfalme George V aliliacha jina la ukoo wake la Saxe-Coburg-Gotha, ambalo ni la Kijerumani, akajiita Windsor. Mbwa wa Kijerumani nao wakaitwa wa Alsace. Kama mfalme na mbwa wamebadili majina, biskuti ni nani?

Basi ikaitwa ya Dola. New Zealand waliiita ya Ubelgiji, kwa kuwahurumia Wabelgiji ambao nchi yao ilivamiwa. Ireland ya Kaskazini wako walioendelea kuiita ya Kijerumani mpaka leo, na mbingu haikuanguka. Unga ni ule ule, jemu ni ile ile.

Sasa geuza uso uangalie huku kwetu, maana kwa Waingereza wale wale, na kwa vita ile ile, tulikuwa sinia jingine dirishani.

Agosti 1914 nchi hii iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani walikuwa wameipachika majina ya kwao kama mtu anayeweka alama kwenye magunia. Lushoto waliiita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, mfalme wao. Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, ikawa Bismarckburg. Tukuyu ikawa Neu-Langenburg. Kilele cha Kilimanjaro Hans Meyer alikipa jina la Kaisari Wilhelm mwaka 1889, baada ya kukipanda, utadhani Wachaga walikuwa wakisubiri miaka yote mtu aje awaambie kile kitu cheupe ni nini.

Julai 1916 Waingereza wakaiteka Mwanza. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji, ndio hao hao wa biskuti ya New Zealand, wakaingia Tabora. Vita ikaburutwa kusini mpaka Msumbiji, ikarudi, na jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka 1919 wakubwa wakakaa Versailles wakagawana. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji. Sisi tukabaki kwa Waingereza, na mwaka 1920 tukapewa jina jipya: Tanganyika. Wilhelmstal ikarudi kuwa Lushoto, Bismarckburg ikarudi kuwa Kasanga. Kilele cha mlima ilibidi kisubiri uhuru ndipo kiitwe Uhuru.

Yaani mwuza biskuti wa Glasgow na serikali ya London walifanya kazi moja. Walifuta jina la Kijerumani kwenye kibao, wakaandika la kwao, na kilichokuwa ndani ya sinia hakikuulizwa.

Hapa ndipo bibi yangu anaponirudia kichwani. Si kwa sababu ya majina, ni kwa sababu ya unga.

Tangu utoto wetu bibi ana neno moja la jikoni ambalo hachoki kulisema: "Unga mbichi unaua." Ukisonga ugali ukataka kuipua haraka, yuko nyuma yako. Ukikoroga uji ukauonja, atakunyang'anya mwiko aonje mwenyewe. Sisi wajukuu tulimwona mzee msumbufu. Tuliwahi hata kumwigiza, tukitembea tumeinama na mwiko mkononi: unga mbichi unaua, unga mbichi unaua. Siku moja alitusikia. Hakutupiga. Alisema kwamba neno hilo alilipokea kwa baba yake, na kwamba babu yake yeye alichukuliwa na vita ya Wazungu kubeba mizigo, hakurudi, na walioondoka naye wakarudi walileta habari moja tu: alikufa kwa tumbo, kwa kula unga usioiva.

Nilikuwa mdogo, sikulitia maanani. Risasi inaua, mkuki unaua, unga unauaje?

Baadaye nikasoma. Vita ile ya Afrika Mashariki haikupiganwa kwa magari. Palipoishia reli hapakuwa na barabara, na ng'ombe, farasi na nyumbu waliangamizwa na mbung'o. Kila risasi, kila gunia, kila kitanda cha ofisa kilibebwa na kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yake, walioingizwa katika kazi ya upagazi kwa muda wote wa vita wanakadiriwa kufikia milioni moja. Wasukuma na Wanyamwezi, ambao tayari walijulikana kwa kazi ya upagazi wa misafara ya pwani, hawakukosekana pande zote mbili. Waliokufa upande huo wa Waingereza, kwa hesabu iliyoandikwa, wanapita 90,000, na wengi wa hao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, na vichomi, na zaidi ya vyote kuhara. Sababu moja ya kuhara ilikuwa chakula: walipewa unga wa mahindi, mara nyingi watu ambao kwao walizoea ndizi au mtama au viazi, na walipofika kambini usiku wamelowa, hakuna kuni kavu, hakuna sufuria za kutosha, hakuna muda. Wakala ukiwa nusu mbichi. Kesho yake mzigo kichwani tena.

Siku niliyoyasoma hayo niliona haya. Yule mzee msumbufu alikuwa na taarifa sahihi ya vita kuu kuliko mwalimu wangu wa historia, ambaye alituambia habari za Tanga na meli ya Königsberg akamaliza.

Na hawakufa wapagazi tu. Chakula cha vijiji na mifugo vilichukuliwa na majeshi yote, vijana wa kulima hawapo, mvua ikakosekana. Ugogo walipata njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo wenyewe waliiita Mtunya, ikaua watu wanaokadiriwa kufika 30,000. Kisha homa ya mafua ya 1918 ikapita kukusanya waliobaki. Wakati huo kule Uskochi, ndugu yangu, biskuti imeshapata jina jipya na inauzwa.

Simlaumu mwoka biskuti. Naye alikuwa na watoto wake wanaofia Ufaransa. Ninachosema ni kwamba neno Dola juu ya kile kibao lilikuwa na watu chini yake, na mmoja wao ni wa ukoo wetu.

Wanaume hao wana kumbukumbu gani? Askari wana sanamu yao Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Mpagazi hakuchongwa katika sanamu ile. Lakini wana kitu kingine, na wengi tunapita juu yake bila kujua. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na mahali walipopiga kambi Dar es Salaam midomo ya watu ililitafuna jina hilo likatoka Kariakoo. Nairobi nako likatoka Kariokor. Leo unga wa ngano unauzwa na wafanyabiashara wa Kariakoo, soko lenye jina la watu waliouawa na unga.

Hapo nikaanza kuona tofauti. Majina yaliyowekwa kwa amri, Wilhelmstal na wenzake, yalianguka siku amri ilipoanguka. Yaliyopita mdomoni mwa mtu wa kawaida yamebaki, hata yale ya Wajerumani wenyewe. Sote tunasema hela. Neno hilo ni la sarafu ya heller iliyoletwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Mwingereza alileta shilingi yake mwaka 1921, sarafu ya heller ikafa, na mtu wa Sapiwi anaendelea kusema sina hela. Shule ni neno la Kijerumani pia. Hakuna aliyevunja dirisha la shule kwa sababu hiyo.

Na Waskochi nao wametuachia lao. Asubuhi yoyote nenda stendi ya Bariadi, kabla mabasi ya Mwanza hayajaondoka, utaona vijana wana ndoo za plastiki na makasha ya vioo. Ndani mna maandazi, chapati, na skonzi. Skonzi! Neno lenyewe, scone, limeanza kuandikwa huko Uskochi mwanzoni mwa karne ya 16. Kule ni kimkate kisicho na hamira, cha kuoka upesi kwa magadi au unga wa kuumulia, na hukatwa katikati kikapakwa siagi na jemu. Kwetu kimekuwa kimkate cha hamira, kitamu kidogo, kimebanana na wenzake kwenye trei, na huliwa kikavu kwa chai ya rangi. Nani alikileta? Hakuna gavana aliyetoa tangazo.

Kililetwa na wapishi. Katika nyumba za wakoloni za Nairobi, Mwanza, Moshi na Dar es Salaam, waliokuwa wakioka si akina memsabu bali wanaume Waafrika. Mwaka 1928 chama cha akina mama wa Kanisa la St Andrew's la Nairobi, ambalo ni kanisa la Waskochi, kilitoa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya, nacho kilikuwa na maneno ya lugha za hapa ili mwenye nyumba aweze kumwagiza mpishi. Fikiri mwenyewe: anayesoma kitabu hapiki, na anayepika hakupewa kitabu. Mpishi alishika kwa kichwa. Jioni akavua aproni, akaenda kwao na ujuzi mikononi, na ulipofika upande wa pili wa mji ukawa skonzi.

Biskuti yetu ya jemu haikupata bahati hiyo, na sababu iko wazi kwa kila anayejua bei za vitu. Skonzi ni unga, maji, hamira na sukari kidogo. Biskuti hii kwa kila vijiko vitatu vya unga inataka viwili vya siagi na kimoja cha sukari, halafu jemu, halafu sukari tena juu. Ni chakula cha watu wenye sukari ya kuchezea. Bibi anaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, sukari ilipokuwa ya foleni na kugawiwa, sabuni haipo, unga wa ngano ni hadithi. Kipindi hicho ungemwambia mtu habari ya kupaka sukari juu ya biskuti angekupeleka kwa mganga.

Mimi nilitaka kuioka hata hivyo. Safari hii kwa mikono ya ukoo uliobeba magunia.

Siagi sikuwa nayo, nikatumia samli ya ng'ombe wa nyumbani, nikaipunguza kidogo kwa sababu samli haina maji. Unga wa ngano niliuchanganya na unga wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani, robo kwa robo tatu. Wala si ubunifu wangu. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck, walipokatiwa ngano ya ng'ambo, nao walijifunza kuoka mikate ya mtama na viazi vitamu. Sukari ya juu niliitwanga kinuni nikaichekecha kwa kitambaa. Cheri? Tuache utani. Niliweka punje ya karanga. Na jemu niliipika kwa maembe na ukwaju, huu tunaouita bushishi, sukari sawa kwa uzito na matunda, mpaka tone likiwekwa kwenye sahani baridi halikimbii. Ukwaju ule ulileta ukali ambao nadhani hata Linz wangeukubali.

Oveni ilikuwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, sahani ya bati juu ya mchanga, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Kuni za kweli hapa ni shida, nchi yetu ilikatwa miti tangu enzi za kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Basi moto niliuanzisha kwa maotea ya pamba, ambayo kwa kawaida hung'olewa na kuchomwa shambani bure.

Mkupuo wa kwanza uliungua chini ukawa mweusi kama kigae. Wa pili niliogopa, nikaipua mapema. Kwa nje biskuti zilipendeza kweli kweli. Nilizibandika mbilimbili kwa jemu, nikapaka sukari, nikaweka karanga, nikampelekea bibi kwenye kibao chake chini ya mwembe. Mama na wadogo zangu wakasimama kutazama. Bibi akaimega katikati badala ya kuuma. Akaisogeza karibu na jicho. Akaitema hata kabla hajaila, yaani alitema mate pembeni, kisha akanirudishia.

"Mjukuu wangu, rudisha motoni."

Nikaanza kujitetea kwamba biskuti hizi ndivyo zilivyo, laini, Wazungu wanazila hivyo. Alinitazama tu. Nikakumbuka nilichokisoma, na maneno yakaniishia mdomoni.

Mkupuo wa tatu nilikaa nao dakika kama ishirini, makaa machache juu, machache zaidi chini, nikigeuza sahani kila mara. Zilitoka na rangi ya udongo wa njia baada ya mvua. Bibi akaimega tena, akachungulia katikati, akabonyeza kwa kidole gumba. Ndipo akatia mdomoni, akatafuna polepole kwa upande ule wenye meno.

"Umeiva," akasema. Akala iliyobaki. Kisha akauliza, "Inaitwaje hii?"

Nikamweleza yote: Linz, Wajerumani, Mfalme George, Dola. Ilinichukua muda, na katikati ya maelezo mdogo wangu alichukua mbili akakimbia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vidole kwenye khanga.

"Majina mengi hivyo, na kitu chenyewe kidogo," akasema. "Haya, nifungie nne kwenye karatasi. Jioni nampelekea mama wa jirani, yule asiye na meno."